Mtu wa Pili Yuko Wapi?

Siku niliyompigia Babu kazi yangu kwa mara ya kwanza, aliisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa, viganja juu ya magoti. Tulikuwa uani kwake Gongo la Mboto, jioni, na ndege zinazoshuka uwanja wa Nyerere zilitukatiza mara mbili, ikabidi nirudishe nyuma. Spika yangu ndogo nilikuwa nimeiweka juu ya ndoo ya maji iliyofunikwa. Muziki ulipokwisha hakusema kizuri wala kibaya. Aliuliza tu:

"Mtu wa pili yuko wapi?"

Nikamwambia, Babu, humo mna sauti nne za kwaya, tena na kinanda. Akatikisa kichwa. "Watu wengi nimewasikia, mjukuu wangu. Nakuuliza mtu wa pili."

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani Tabata nimesimama kwenye daladala, nota zangu zimekunjwa kwapani, nikijiambia kwamba mzee hajazoea muziki wa kuandikwa. Ilinichukua zaidi ya mwaka kujua kwamba mzee alikuwa ameona kosa lote la kazi ile kwa swali moja.

Mimi ni mwalimu wa kwaya. Nota nilizijulia kanisani, kwanza za sol-fa, zile za herufi na nukta, kisha za mistari mitano. Baba yangu ni Mgogo wa Chamwino, mama ni Mzaramo wa Kisarawe, nami nimezaliwa Ilala, kwa hiyo Kigogo changu hakivuki salamu. Babu ninayemsema ni mdogo wake babu mzaa baba. Alihamia mjini kwa mwanawe akaja na ilimba yake, ala ya Wagogo yenye ndimi za chuma zinazobonyezwa kwa vidole, na Bibi akaja na ngoma yake ya muheme, ile ambayo kwa Wagogo hupigwa na wanawake, imebanwa mapajani. Miaka yote nilikuwa nikiwaamkia sikukuu na kuondoka. Sikujua kwamba nilichokuwa nikikitafuta vitabuni kilikuwa pale uani, nyuma ya banda la kuku.

Nilichokuwa nakitafuta ni hiki: kuandika muziki wa kukaliwa kitako na kusikilizwa, ulioandikwa nota mwanzo mpaka mwisho, lakini uliozaliwa huku kwetu. Njia hiyo ina wenyewe waliotangulia. Ephraim Amu wa Ghana alishikilia kwamba wimbo wa kwaya ufuate kupanda na kushuka kwa maneno ya lugha yenyewe. Fela Sowande wa Nigeria aliandikia ala za nyuzi kazi iitwayo African Suite mwaka 1944. Akin Euba, naye wa Nigeria, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba piano inaweza kuchezwa kwa fikra za ngoma na marimba. Na hapa jirani Uganda, Justinian Tamusuza ameandikia fidla mbili, viola (fidla kubwa kidogo) na selo (kubwa zaidi, hupigwa mtu amekaa) kazi ambayo Kronos Quartet, kikundi cha wapiga nyuzi wanne cha Marekani, waliiweka kwenye albamu yao ya mwaka 1992. Huyo wa mwisho ndiye aliyenitia wazimu. Nilimsikia kwa simu ya rafiki, sikio moja moja, na nyuzi zile zilikuwa zinatembea Kiganda kabisa. Nikasema, kumbe inawezekana.

Basi nikafanya ambalo wengi wetu tunalifanya. Nikaenda kwa Babu na simu, nikarekodi nyimbo sita, nikachagua moja iliyonigusa. Nikaandika sauti yake nzuri ya juu, nikaipa soprano. Halafu nikakaa kwenye kinanda nikaijengea alto, tenor na besi kama nilivyofundishwa kujengea tenzi. Mwisho nikaweka ngoma kidogo, ili isikike ya kiasili. Hiyo ndiyo niliyompelekea.

Aliyenifungua macho kwanza ni Bibi, wala hakukusudia. Nilikwenda tena Jumamosi moja, nikaipiga tena ile rekodi ya kwaya yangu wakati yeye anachambua mchele. Akaweka ungo chini, akakaza khanga kiunoni, akasimama acheze. Akanyanyua mguu. Akaushusha. Akasimama. Akasikiliza, akajaribu tena, mguu ukabaki juu hauna pa kutua. Akaniangalia kwa huruma kabisa, akasema, "Mwanangu, hapa mmeanza kabla hamjafika."

Nikamwomba aimbe mwenyewe, acheze, nami nimtazame miguu tu. Wimbo ule unazunguka katika mapigo madogo 12. Mimi, kwa kusikiliza simu, nilikuwa nimechukua neno la kwanza la wimbo kuwa ndiyo pigo la kwanza, nikachora mistari yangu ya kugawa mapigo kuanzia hapo. Mguu wa Bibi ulikuwa unatua mapigo madogo mawili baadaye. Neno linatangulia, mguu unapokea. Kila mstari niliouchora, kurasa 11 nzima, ulikuwa umekaa mahali pasipo pake, na wanakwaya wangu, kwa utii wao, walikuwa wanatia mkazo palepale nilipokosea.

Uchungu wake ni kwamba hili nililijua tangu nina miaka minane, ila nilikuwa nimelisahau kwa kusoma. Ngoma ya kwanza kuingia mwilini mwangu ni mdundiko wa kina mama yangu Wazaramo. Mdundiko haukai mahali; unapita mtaani na watu wanaufuata. Siku moja niliufuata kutoka Ilala mpaka nikajikuta Buguruni, jua limezama, nikarudishwa na dada mmoja muuza maandazi na nikachapwa. Njia nzima sikuhesabu kitu. Miguu yangu ilijua. Nikakua, nikajua kuandika, nikaanza kuutafuta mwanzo wa wimbo kwa masikio peke yake, kwenye simu isiyoonyesha mguu wa mtu.

Tangu siku hiyo sirekodi sauti bila picha, na kamera naielekeza chini. Watu hushangaa. Wanataka sura zao zionekane, nami nahangaika na nyayo.

Sasa turudi kwa mtu wa pili. Nilimwomba Babu na Bibi waimbe pamoja, polepole, sauti moja moja, nami niandike safu mbili: alichoimba huyu, alichoimba yule. Nilizoea kusema kwamba Bibi "anaitikia". Nilipotazama karatasi nikaona jambo lililonifanya niweke kalamu chini. Nyimbo zile zilikuwa na ngazi ya sauti chache: do, re, mi, so, na ti moja iliyo chini kuliko ti tunayoijua. Babu akiimba re, Bibi yuko kwenye ile ti. Babu akiwa do ya juu, Bibi yuko so. Babu akishuka kwenye ti, Bibi yuko mi. Babu so, Bibi do ya chini. Kila mara anaruka sauti moja na kushika inayofuata. Hakuna aliyemfundisha kwa maneno. Mkiwa wawili, mmoja anakwenda na mwingine anaruka moja, na kila mmoja anajua mwenzake yuko wapi.

Hapo ndipo nilipomwelewa Babu. Mimi nilikuwa nimechukua sauti ya mtu mmoja nikaiita wimbo. Kisha nikamtafutia wenzi kutoka kwenye vitabu vya tenzi, ilhali mwenzi wake alikuwepo toka zamani na nilikuwa nimemwacha nje ya mlango. Nilidhani wimbo wa asili unakuja peke yake, mtupu, ukisubiri mtunzi auvalishe sauti nyingine. Kumbe ulikuja na sauti zake. Tena ule mkutano wa mi na ti ya chini, sauti mbili zinazovutana, ndio mwalimu wangu wa nota alionionya nisiuache wazi kamwe. Bibi anauacha wazi, na hapo ndipo nywele zinapokusimama.

Baadaye nilikuta kwamba watafiti wameliandika jambo hili miaka mingi. Gerhard Kubik wa Austria alieleza kwamba ngazi ya Wagogo inatoka kwenye sauti za asili zinazojificha ndani ya mlio mmoja, na kwamba sauti ya pili hupatikana kwa kuruka moja. Nilifurahi kuthibitishiwa. Lakini nashukuru nilianza kuliona kwenye karatasi yangu yenye alama ya kikombe cha chai ya Bibi, kwa sababu ningelisoma kwanza ningelibeba kama kanuni ya mtihani.

Likabaki suala la ile ti, na hili lilinitesa kuliko yote.

Nilibeba kinanda kidogo cha betri mpaka Gongo la Mboto. Babu akabonyeza ulimi mmoja wa ilimba yake, mimi nikatafuta sauti ile kwenye kinanda. Nikibonyeza ti ya kushushwa, iko juu mno. Nikishuka ufunguo mmoja, iko chini mno. Babu aliona ninavyohangaika, akaniambia kwa upole, "Hicho chombo chako hakina hiyo sauti." Ni kweli. Kinanda kimegawanywa nusu toni 12 zinazolingana. Wapimaji wa sauti hugawanya kila nusu toni vipande 100, na ile ti, ambayo ni ya saba katika mfuatano wa zile sauti zinazojificha ndani ya mlio mmoja, inakaa vipande 31 chini ya ufunguo wa kinanda ulio karibu nayo. Karibu theluthi ya nusu toni. Hata mi yao iko chini kwa vipande 14. Kwaya yangu ilipofundishwa kwa kinanda, ilikuwa inaimba wimbo wa watu wengine uliovaa maneno ya Kigogo.

Nikaamua kinanda kitoke. Lakini kwa nini nyuzi, Bibi aliniuliza, mbona ilimba ipo na zeze lipo? Nilimjibu ukweli: nina rafiki watatu hapa mjini wanaopiga fidla na mmoja wa selo, hatuna muziki wetu wa kupiga, na tumechoka kupiga harusini nyimbo za kuazima. Viola hatukuwa na mpigaji. Mmoja wa wenye fidla alijifunza kwa viola ya kuazima. Mazoezi ya Dar mnayajua. Selo haiingii daladala, inapanda bajaji na mwenyewe anakaa pembeni ameikumbatia. Unyevu wa bahari unavimbisha mbao, vigingi vya kukazia nyuzi vinakwama. Ukiingia ukumbi wenye kiyoyozi vinalegea na nyuzi zinashuka zenyewe. LUKU ikiisha katikati ya zoezi tunawasha taa za simu.

Siku niliyowapeleka wote wanne uani kwa Babu sikuwa na mpango wowote zaidi ya kuwatambulisha. Babu alikuwa anarekebisha ilimba, anasukuma ulimi wa chuma mbele kidogo, anaugonga, anaurudisha. Ukirefuka mlio unashuka, ukifupika unapanda. Mwenye selo naye alikuwa anajinyoosha vidole huku anasubiri chai. Aligusa uzi mnene kabisa wa selo, ule wa do ya chini, bila kuukandamiza, ncha ya kidole tu, akawa anateleza kuelekea juu huku anavuta upinde. Ukifanya hivyo uzi hautoi sauti yake nzito. Unatoa zile ndogo zilizojificha ndani yake, moja baada ya nyingine, kama filimbi. Kidole kikiwa robo ya uzi, inatoka do. Sehemu ya tano, mi. Ya sita, so.

Kidole kikafika sehemu ya saba, kama sentimita 10 kasoro kutoka juu ya uzi. Babu akainua kichwa.

"Hiyo! Hiyo hapo. Usiondoe mkono."

Akapiga ulimi wake. Selo na ilimba zikalia sauti moja. Zilifungana kiasi kwamba hukujua ipi ni ipi, na zile ndimi nyingine za ilimba ambazo hazipigwi, zilizowekwa zitikisike tu zenyewe, zikaanza kuvuma. Mwenye selo aligeuka kunitazama na macho yamemtoka. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Niliipasua karatasi ya zamani nikaanza upya. Sikuchukua wimbo wowote wa Babu ukakaa mzima ndani ya kazi mpya. Nilichochukua ni namna wanavyokwenda: mmoja anakwenda, mwingine anaruka moja, neno linatangulia, mguu unapokea, sauti zote zinatoka kwenye uzi mmoja mnene wa selo, hakuna ya kutoka nje yake kwa dakika tatu za mwanzo. Fidla mbili ni Babu na Bibi. Viola ndiye mguu. Rafiki mmoja aliyesomea muziki alisoma nota akaniambia haioni Dodoma humo, hakuna hata wimbo mmoja wa kutambulika. Nilimpelekea Bibi rekodi. Alicheza bila kusitasita.

Kuna na mavumo. Ilimba ya Babu ina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, na kila ulimi ukipigwa kunakuwa na mnong'ono unaotetema juu ya mlio. Mimi nilifundishwa kwamba sauti safi ndiyo sauti nzuri, nikamwuliza kama ni ubovu. Akautoa utando akanipigia bila huo, na ilimba ikawa kama mtu aliyezibwa pua. Wapiga fidla wangu walijaribu kubana kipande chembamba cha karatasi kati ya nyuzi. Inafaa sehemu moja tu, mwishoni. Kwingine iliwachosha masikio, nikaitoa.

Jambo moja lilinigharimu. Katika zile rekodi sita za mwanzo, mmoja ulikuwa wimbo mzuri kupita yote, Bibi aliuimba peke yake akipika, nami nikaurekodi nikiwa mlangoni. Nilikuwa nimeshauandikia sehemu ya pili yote. Nilipomwonyesha, alinyamaza muda mrefu, akafunika sufuria. Akaniambia ule ni wa wasichana wakiwa ndani, wakifundwa. Wanaume hawausikii. Alikuwa ameuimba kwa sababu alidhani yuko peke yake jikoni. "Mimi sikukupa huo, mwanangu. Umejichukulia."

Niliufuta kwenye simu mbele yake. Nilifuta na zile kurasa, kazi ya miezi minne. Wenzangu wengine waliniambia nimepoteza, kwamba wimbo ungebadilika kidogo na hakuna ambaye angejua. Bibi angejua. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazigusa hata sanaa za jadi, lakini siku ile sikuwaza sheria. Nilimwaza mama mtu mzima aliyenifungulia nyumba yake. Siku hizi nauliza kabla ya kuwasha simu: huu ni wa nani, unaimbwa wapi, na nani haruhusiwi kuusikia?

Na majina. Onyesho letu la kwanza, mahali fulani mjini, waandaaji walichapa karatasi ya ratiba wakaandika jina langu kwa wino mzito, na chini yake "kutokana na muziki wa asili". Kana kwamba muziki wa asili unaota porini kama ukwaju. Kosa lilikuwa langu nusu, maana mimi ndiye niliyejaza fomu. Babu na Bibi walikuwa wamekaa mstari wa pili, Bibi amevaa kitenge kipya. Marehemu Hukwe Zawose aliipeleka ilimba ya Wagogo kwenye majukwaa ya dunia kwa jina lake mwenyewe. Sikuona kwa nini walionifundisha mimi waitwe "asili". Niliazima kalamu ya mtu wa mlangoni nikaanza kuandika majina yao kwenye kila karatasi kwa mkono. Nilifika kama 30, watu wakawa wameingia. Zilizofuata zimechapwa sawasawa, majina matatu, na malipo yanagawanywa matatu baada ya wapigaji kulipwa.

Usiku ule wa kwanza kiyoyozi cha ukumbi kilikuwa kimewashwa tangu mchana, na tulipotoka nyuma ya pazia nyuzi zote zilikuwa zimeshuka. Mwenye selo akatoa simu atafute sauti ya "la" ya kulinganishia nyuzi, programu yake ikawa inawaka nyekundu, haitulii. Watu wanasubiri. Kutoka mstari wa pili nikasikia ulimi mmoja wa ilimba. Babu alikuja nayo kwenye mfuko wa rambo, akaitoa, anaupiga ulimi uleule, taratibu, anangoja, anaupiga tena. Mwenye selo akaizima simu, akaiweka sakafuni, akapeleka kidole sehemu ya saba ya uzi na kuanza kukaza kigingi kumfuata yeye.